Nyumba ya Mama wa Mabata

Nilianza kazi ya kuhesabu watu kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani. Shule yangu pale Uvira ilikuwa imejaa familia zilizokimbia mapigano ya bondeni. Madawati yalitolewa nje yakanyeshewa, na katika darasa langu la mwaka wa nne kulikuwa na mikeka, masufuria, na nguo za watoto zilizoanikwa juu ya ubao. Sisi walimu tuliambiwa tusubiri. Mimi kusubiri kunanishinda. Nilikuwa naamka, nafagia kiwanja, naenda barabarani kuwauliza madereva waliotoka Sange na Kamanyola kuna habari gani, narudi, nafagia tena pale pale.

Mume wangu ni fundi wa pikipiki. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kubwa, kwa hiyo habari zote zilimfikia kabla yangu. Alikuwa na mpango mmoja tu kichwani: tuvuke mpaka na watoto wetu wawili, twende Bujumbura kwa dada yake mkubwa.

"Twende, mama watoto," aliniambia kila asubuhi akivaa viatu.

"Ngoja kidogo, baba watoto."

"Nangoja nini?"

Nikachukua ufagio. Nilishakimbia mara nyingi tangu utotoni. Nilizaliwa Mutarule, nikabebwa mgongoni kwenda Burundi, nikarudishwa, nikasoma Sange, nikakimbia tena nikiwa na mimba. Kila niliporudi nilikuta kitu hakipo: mlango, mti wa parachichi, jirani. Nilikuwa nimechoka kurudi, ndiyo maana sikutaka kuondoka. Lakini kukaa nako sikukuweza. Miguu yangu ilikuwa ikiniwasha.

Ndipo chefu wa avenue yetu, kiongozi wa mtaa, alipopita nyumba kwa nyumba akisema serikali inatafuta watu waliosoma, wanaojua Kiswahili na lugha za hapa, kwa ajili ya sensa ya majaribio. Nchi yetu haijahesabiwa tangu kabla sijazaliwa. Sasa walitaka kujaribu maswali yao na mashine zao katika mitaa michache kabla ya kuhesabu nchi nzima. Nilienda kujiandikisha siku ile ile. Mume wangu aliposikia alikaa chini.

"Watu wanafunga mizigo, weye unaenda kuwahesabu?"

"Ni siku chache tu."

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wetu alitoka Kinshasa, na alizungumza Kifaransa kizuri huku akijipepea kwa kadi yake. Alitufundisha kutumia tablete, na kutafsiri kila swali ili wote tuulize sawasawa. Siku nzima ilipotea kwenye neno moja, *menaje*. Alisema ni watu wanaolala chini ya paa moja na kula sufuria moja. Mwenzetu mmoja, muuguzi asiye na kazi, akanyoosha mkono: "Na wakilala chini ya paa moja, lakini sufuria haina kitu?" Tulicheka, hata yule wa Kinshasa alicheka, kisha akahamia swali jingine.

Mkuu wa timu yetu alikuwa kijana mwembamba aliyesomea Bukavu. Mke wake na mtoto mchanga walikuwa wamebaki huko, na barabara ilikuwa imekatika. Alitembea na mswaki kwenye mfuko wa shati, kwa sababu kila siku alilala kwa rafiki tofauti. Alikuwa mkali, lakini nilimwelewa. Kila alipopata mtandao aligeuka pembeni, akaongea kwa sauti ya chini, na akirudi alitupigia kelele kuhusu batiri.

Kanuni ilikuwa nyepesi: unamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu. Usiulize kwao ni wapi, uliza alilala wapi. Ukumbini lilionekana jambo rahisi. Mitaani, kila mlango ulikuwa na mgogoro wake. Nilikuta kiwanja kimoja chenye familia nyingi za kutoka bondeni, na mwenye kiwanja hakutaka niwaandike, akihofia watahesabiwa kuwa wakazi wake wa kudumu. Nilimkuta baba mmoja wa makamo, mfugaji aliyeshuka kutoka milima ya juu baada ya ng'ombe wake kuisha, aliyekaa na wanawe katika chumba cha kupanga. Alikataa kunijibu mpaka nimsomee maswali yote tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hakuna pahali mnauliza kabila?"

"Hakuna, baba."

"Soma tena."

Nilisoma tena, nikiwa nimesimama mlangoni, jua likinichoma shingo. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipofika mwisho alinisogezea kiti. Alijibu kila kitu kwa upole, ila kila pikipiki ilipopita aligeuka kutazama barabara mpaka sauti ya injini iishe.

Swali nililoulizwa zaidi lilikuwa hili: "Mnatuhesabu ili mtupe nini?" Na la pili: "Ili mtupeleke wapi?" Nilipoeleza kwamba ni majaribio tu, mama mmoja muuza mihogo aliniangalia kwa huruma. "Kumbe hata kutuhesabu bado mnajifunza," alisema.

Nilipenda kazi ile. Ilinipa sababu ya kutembea. Nilimaliza avenue zangu kabla ya wengine, kisha nikaomba za wenzangu. Jioni nilirudi na vumbi hadi magotini, nikakuta mume wangu ameongeza kitu kwenye begi lililokuwa nyuma ya mlango: sweta la mtoto, sabuni, karatasi za ndoa. Hatukulizungumzia. Kila mmoja alijua mwenzake anafanya nini.

Ilibaki mitaa ya ufukoni, upande wa Kavimvira. Huko ziwa lilikuwa limepanda na kuingia mjini. Avenue ambazo nilizipita nikiwa mwanafunzi zilikuwa sasa maji yaliyotulia, rangi ya chai ya maziwa, na nyumba zimesimama ndani yake hadi madirishani, kuta zikibambuka rangi. Watu wengi walikuwa wamehamia juu kwa ndugu zao au kwenye mahema. Mkuu wa timu alitupanga ukingoni mwa maji asubuhi na kutoa amri.

"Nyumba zote zilizo ndani ya maji, andikeni imeachwa. Msiingie. Tablete ikilowa nitalipa mimi."

Tulianza. Ilikuwa kazi ya haraka na ya kusikitisha: unasimama kwenye udongo mkavu, unanyoosha kidole, unagusa *imeachwa*, unahamia nyingine. Niliandika nyumba ya kwanza, ya pili, nikaendelea. Kisha nikaona moshi.

Ulitoka chini ya bati la nyumba ya matofali iliyokuwa mbele kidogo kuliko zote, karibu na pale matete yalipoanza. Moshi mwembamba wa makaa. Nilimtafuta mkuu wa timu kwa macho, alikuwa mbali na simu sikioni. Nilivua viatu, nikafunga kitenge juu, nikaiweka tablete kichwani ndani ya mfuko wa nailoni, nikaingia majini.

Maji yalinifika mapajani. Chini palikuwa na matope laini, na kitu kigumu hapa na pale, labda matofali ya uzio. Nilipokaribia nilisikia mabata.

"Hodi!"

"Karibu! Pita kwa dirisha, mulango haifunguke!"

Dirisha lilikuwa halina fremu. Mikono miwili yenye nguvu ilinivuta ndani, nikajikuta nimekaa juu ya kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa kimeinuliwa juu ya kreti za bia na mbao, na kando yake, juu ya meza iliyoinuliwa vile vile, palikuwa na mbabula yenye makaa na sufuria ya maharage. Chini yetu maji yalicheza taratibu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa umri wa mama yangu mdogo, mnene, amefunga kilemba cha kijani. Alininusa kwa macho.

"Weye uko nani?"

"Ni mwalimu, mama. Nahesabu watu. Ni sensa."

"Aa! Minye nilisema hamutafika huku." Alipangusa mikono, akaketi sawasawa kama mtu anayepigwa picha. "Uliza."

Nikaanza. Alilala nani hapa usiku wa kuamkia leo? Yeye peke yake. Watoto wake wawili wa mwisho walilala juu mlimani kwa mdogo wake, kwa sababu wanakohoa. Mume? Alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Fizi, na simu yake haiiti. Kuta za nini? Matofali ya kuchoma. Paa? Bati, jipya, alilinunua kwa pesa za ndagala, dagaa wa ziwa hili, alizouza yeye mwenyewe.

"Vyumba vingapi?"

"Tatu. Lakini kimoja ni ya mabata, na kimoja ni ya ziwa."

Alinionyesha. Chumba cha pili kilikuwa na mbao zinazoelea zimefungwa kamba, na mabata makubwa meusi na meupe yamekaa juu yake kama abiria. Cha tatu ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka na ziwa lote lilionekana, hadi milima ya Burundi ng'ambo.

"Mabata nao mnahesabu?"

"Hapana, mama. Watu tu, na nyumba."

"Basi mmekosea. Haya ndiyo yamebaki na minye."

Niliuliza kuhusu maji ya kunywa. Alinitazama, akatazama chini ya kitanda, tukacheka wote mpaka kitanda kikatikisika. Alikuwa anachota kwa bidoni kwenye robine, bomba la mtaa wa juu, anailipia, anaibeba kichwani ndani ya maji mengine haya yote. Nilipofika kwenye choo alinyoosha kidole nje, kwenye mti uliosimama majini mbali kidogo. Ndipo alipoacha kucheka. Kidole chake kilibaki hewani.

"Usipige kelele," alisema.

Kiboko alikuwa amesimama kati ya nyumba na nchi kavu, pale pale nilipopita muda si mrefu. Mgongo wake uling'aa. Alikuwa anakula majani ya uzio wa mtu, akinyofoa, akitafuna, bila haraka yoyote. Kila mtu wa Uvira amemwona kiboko kwa mbali. Mimi sikuwahi kusikia pumzi ya kiboko. Ilitoka kama mtu anayefungua mlango wa bati.

"Anakujaga hapa?" niliuliza kwa kunong'ona.

"Anakujaga jioni. Leo sijui anatafuta nini." Alishusha kifuniko cha sufuria taratibu. "Kaa. Atatosheka."

Hakutosheka. Jua lilipanda, bati likaanza kulia kwa joto, na yeye alikuwa bado pale, mara anazama, mara anainuka karibu zaidi. Kwenye ukingo niliona vijana wamekusanyika, na mkuu wa timu akinipungia mikono yote miwili. Nilitamani kutembea. Nilitamani hata kusimama, lakini juu ya kitanda kile ukisimama unagonga bati. Mwili wangu wote ulikuwa unatambaliwa na kitu kama siafu. Nilifungua tablete, nikaifunga. Nikafungua tena.

"Mwalimu, unanitikisia kitanda," alisema mama.

Ndipo simu yangu ikaita. Mume wangu.

"Uko wapi?" Nyuma yake nilisikia honi na watu wakiitana. "Watu wa Sange wanaingia. Wote, na magodoro. Leo tunavuka. Kuja nyumbani."

"Siwezi kutoka."

"Namna gani huwezi? Mwambie huyo mkuu wako—"

"Si yeye. Niko ndani ya nyumba, kwenye maji. Kuna kiboko mlangoni."

Honi zikaendelea nyuma yake.

"Kiboko."

"Kiboko, baba watoto."

"Mama watoto, unanidanganya ili tusiende."

Sijui ni hasira au ni nini iliyonishika. Nilinyoosha mkono nje ya dirisha, nikamwelekezea yule mnyama simu kama mtu anayemhoji chefu. Akapumua, ule mlango wa bati. Mabata yakalia. Nikarudisha simu sikioni.

"Mungu wangu," alisema mume wangu. Kisha, kwa sauti nyingine: "Sikiliza. Mpaka unaweza kufungwa. Nitavuka na watoto sasa. Ufunguo nitaacha kwa jirani. Ukitoka hapo, uje. Usipite nyumbani kufagia."

"Wape watoto simu."

Binti yangu mkubwa alitaka kujua kiboko ana rangi gani. Mdogo alilia tu. Kisha mlio wa simu ukakatika, na nilipojaribu tena haikuita.

Nililia kwa muda, kimya kimya, ili yule wa nje asisikie. Mama alinipakulia maharage kwenye sahani ya plastiki na kipande cha bugali. Nikasema sina njaa. Akasema sikukuuliza. Nikala.

"Wende," alisema. "Ukitoka humu, uwafuate. Hao wako ni watoto."

"Na wewe, mama? Mbona huendi? Nyumba inaanguka."

Alichukua mwiko. Akakoroga sufuria, akigeuza maharage yaliyokwisha iva.

"Minye nimekimbia bunduki, mwalimu. Nimekimbia mpaka nimesahau mara ngapi. Nikirudi, nakuta muntu amesimika miti kwenye parseli yangu, hiki kiwanja, anasema hii fasi haikuwa na mwenyewe. Naenda kwa chefu, naenda kwa ofisi ya komine, nagombana. Ninaipata. Nakimbia tena. Sasa ni maji. Maji hayana bunduki. Nikiondoka kwa maji, maji yakirudi ziwani, nitamwambia nini yule atakayekuja na miti yake?" Alifunika sufuria. "Na mume wangu akitoka kule Fizi, anajua nyumba hii tu. Hajui kwa mdogo wangu. Walihamia mwaka huu."

Alinitazama usoni.

"Andika kama niko. Hata kama ni ya kujaribu."

Niliandika. Nilijaza kila kitu mbele yake na kumsomea majibu yake, naye akakubali kila moja kwa kichwa. Lakini nilijua mkuu wa timu ameshaweka nyumba zote za majini kwenye kundi moja, na kwamba jioni atazipitia. Sikumwambia mama. Niliendelea kuangalia nje, nikihesabu, bila kutaka, muda ambao watoto wangu wangekuwa wameufikia mpaka, kisha muda ambao wangekuwa wameuvuka, kisha nikaacha maana nilikuwa nabuni tu.

Alasiri chefu wa avenue ile aliletwa, na filimbi yake, na wavuvi wenye mtumbwi mrefu. Walizunguka kupitia kwenye matete wakipiga makasia kwenye ubavu wa mtumbwi, na vijana wa ukingoni wakapiga mabati na masufuria. Kelele ile ilikuwa kubwa hivi kwamba watu wa barabarani, kama nilivyosikia baadaye, walidhani mapigano yameingia mjini na wengine wakakimbia. Kiboko alisikiliza kidogo. Akageuka kwa uzito, akazama, na tuliona mstari wa maji ukienda ziwani.

Walinipokea kwa dirisha. Mama alinipa bata mmoja aliyefungwa miguu. Nilikataa, akaniwekea mapajani, mtumbwi ukaondoka.

Mkuu wa timu alinishika mkono kunitoa kwenye mtumbwi. Kisha akaanza.

"Nilisema nini? Nilisema nini asubuhi? Ungekufa, ningemwambia nini mume wako? Nilisema andika imeachwa!"

"Haikuachwa. Kuna mtu."

"Kuna mtu mchana! Anakuja kulinda mali. Wote wanafanya hivyo. Kanuni ni usiku. Usiku analala juu kama wengine."

"Analala pale. Kitanda kiko juu ya kreti. Nimekikalia siku nzima."

"Nitaibadilisha," alisema, na akanyoosha mkono kuchukua tablete. "Wakikagua, wataniuliza namna gani mtu anaishi ndani ya ziwa."

Niliishika tablete kifuani, na bata chini ya kwapa. Sijawahi kugombana na mkubwa wangu wa kazi mbele za watu. Nilimwambia kwa sauti ambayo sikuijua kwamba akibadilisha, abadilishe na zangu zote, na jina langu aliondoe, kwa sababu sikutembea mitaa yote hii ili kumfuta mtu niliyekula naye. Watu walikuwa wamesogea karibu. Mkuu wa timu alinitazama, akautazama ule moshi. Kisha akaweka mikono mdomoni, akaita kwa nguvu juu ya maji.

"Mama! Usiku wa kuamkia leo ulilala wapi?"

Kilemba cha kijani kikatokeza dirishani.

"Hapa! Ulifikiri nililala kwako?"

Ukingo wote uliangua kicheko. Wavuvi walishika makasia wasianguke. Mkuu wa timu naye alicheka, na kucheka kwake kukawa kwa muda mrefu kupita kwa wengine, mpaka akalazimika kuinama na kupangusa macho. Aliponyooka alisema, "Iache kama ilivyo." Halafu, kwa sauti ya chini: "Nenda nyumbani. Umepigiwa simu, nimeona. Nenda."

Nilikimbia. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alinibeba na bata wangu, tukipita kinyume cha watu waliokuwa wakiingia na magodoro vichwani. Nyumba yangu ilikuwa imefungwa, nikachukua ufunguo kwa jirani. Begi la nyuma ya mlango halikuwepo, wala sandale za watoto. Jirani aliniambia mpaka umefungwa jioni ile, nisubiri asubuhi. Nilifagia nyumba.

Asubuhi nilikwenda kwanza kurudisha tablete. Kazi ilikuwa imesimamishwa. Wenzangu walikuwa wamesimama nje ya parokia na mifuko yao, kila mmoja akipiga simu. Mkuu wa timu alikuwa anapanga mashine kwenye sanduku. Alisema majibu yetu yote yaliondoka alfajiri, mtandao ulikubali kwa dakika chache, na kwamba yeye anajaribu kupita kwa mtumbwi ili azunguke kufika kwa mke wake. Tulipeana mkono. Tangu hapo sijamwona, ila aliwahi kunitumia picha ya mtoto wake akiwa amekaa.

Nilivuka mpaka pale Kavimvira kwa miguu katikati ya umati. Bata nilimwachia jirani. Upande wa pili, mbele ya kizuizi, mume wangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya mume wa dada yake, na watoto wamelala juu ya tangi na juu ya mgongo wake. Hakuniona mpaka nilipomgusa. Nilitegemea ugomvi, na nilikuwa nao tayari kinywani. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, kwenye matope yaliyokauka.

"Kwa hiyo kiboko alikuwa kweli," alisema.

Tulikaa Bujumbura wiki nyingi, ndani ya chumba kimoja na shangazi wa watoto na wanawe. Wifi yangu alikuwa mtu mwema, na mimi nilikuwa mgeni mbaya: niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa, niliamka kabla ya wote, nilisimama uwanjani nikiangalia milima ya Uvira ng'ambo ya maji. Mume wangu alipata kazi kwenye gereji. Yeye angeweza kubaki. Ni mimi niliyeanza kusema "twende," na yeye akawa mtu wa kusema "ngoja."

Tuliporudi, mji ulikuwa na utulivu ambao hakuna aliyeuamini. Maji yalikuwa yamepungua kidogo na kuacha alama nyeusi kwenye kuta. Nilishuka ufukoni wiki ile ile. Nyumba ya mama wa mabata ilikuwa imeanguka, ukuta mmoja tu umesimama. Nilizunguka ukuta ule, mpaka mvuvi mmoja akaniambia upepo uliiangusha nyumba mchana, mama akiwa sokoni, na kwamba sasa yuko soko la Mulongwe anauza.

Nilimkuta nyuma ya beseni la ndagala. Hakushangaa kuniona. Alinieleza kwamba amejenga kibanda cha mabati pale pale, juu kidogo ya maji, na hakuna aliyesimika miti. Mume wake alikuwa amepatikana kwa simu ya mtu mwingine. Alisema atakuja, hakusema lini. Mabata yalibaki machache.

"Na ile sensa?" aliuliza. "Bantu wa serikali walisema tuko wangapi?"

"Sijui, mama. Hawajasema. Labda wataanza tena."

"Nyumba yangu mliyoandika imeanguka. Sasa iko vipi kule kwenye mashine? Imesimama?"

"Imesimama."

Alilifikiria jambo hilo akiwafukuza nzi kwa kipande cha katoni. Nadhani lilimpendeza. Mteja alifika, akaanza kubishana naye kuhusu bei, nikasogea pembeni. Nilinunua ndagala kikombe kimoja, akaniongezea kiganja kizima juu.

Shule ilifunguliwa baadaye kidogo. Tulirudisha madawati, mengine yakiwa yamevimba kwa mvua. Mume wangu anataka tununue kiwanja mlimani, mbali na maji na mbali na barabara, na tumeshakwenda kukiona mara kadhaa. Mimi nakubali tukiwa kule juu, na tukishuka nabadilisha mawazo. Wiki ijayo tunakwenda tena.